Dirisha Ambalo Halikupimwa

Siku ya kumi na mbili tangu wageni waingie, Misumari aliamshwa na springi. Ilimchoma chini ya ubavu wa kushoto, palepale ilipomchoma jana na juzi, na hakuwa na wa kumlaumu, kwa sababu kochi lile alilivua kitambaa na sponji kwa mikono yake mwenyewe. Lilikuwa kochi la mteja, limebaki mifupa mitupu. Ndicho kilichokuwa kitanda chake sasa, huko stoo, katikati ya magunia ya sufi na makopo ya gundi. Kitanda chake halisi alikilalia mama mkwe.

Kwa mama mkwe hakuwa na kinyongo. Magoti ya bibi yule yalikuwa yamekwisha, na godoro alistahili. Aliyemkera ni aliyepanga.

Kila ukoo una mtu wake wa kupanga. Ukoo huu ulikuwa na kaka mkubwa wa marehemu mkewe, aliyekuwa msimamizi wa ghala mpaka akastaafu, na watu wote, hata mkewe wa ndoa, walimwita Mwenyekiti. Hakuna aliyekumbuka alichaguliwa lini. Marehemu alipozikwa, miaka mitatu nyuma, Mwenyekiti alisimama akatangaza kwamba kuanzia hapo ukoo utakuwa unakusanyika nyumbani kwa dada yao, wiki tatu kabla ya Krismasi mpaka sikukuu ipite, ili marehemu asisahaulike. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mwenye nyumba hakuulizwa. Alikuwa ameinama analia, akitazama viatu vyake, na wakubwa hupenda sana kupitisha mambo mtu akiwa ameinama.

Sasa mlangoni mwa bafu palikuwa na karatasi. Mwenyekiti aliiandika kwa wino mwekundu: zamu za kuoga. Namba moja, yeye. Namba mbili, mkewe. Wajukuu walipangwa wawili wawili. Chini kabisa, namba kumi na nne, iliandikwa "Mwenye nyumba".

"Shemeji, umeamka?" Mwenyekiti alikuwa anatoka kuoga, taulo begani. Taulo la Misumari. "Maji ya moto yamekwisha. Halafu watoto wamevunja ile chupa ndogo ya chai. Nimewakataza wasiiguse kubwa."

"Umefanya vizuri, shemeji."

"Usipopanga, nyumba inakushinda."

"Kweli kabisa."

Akanawa uso kwa maji ya ndoo, nje, akaenda kazini na usingizi wake kichwani.

Jina la Misumari alipewa na mafundi wenzake. Alikuwa fundi wa makochi, na fundi wa makochi huweka vimisumari vidogo mdomoni, anavitoa kimoja kimoja kwa ulimi huku mkono mmoja umevuta kitambaa na mwingine umeshika nyundo. Wote karakana walifanya hivyo. Yeye alizidisha. Mazungumzo yakiwa magumu, aliweka msumari mdomoni hata kama hakuna kochi mbele yake. Mtu mwenye misumari mdomoni haulizwi jambo. Marehemu mkewe alikuwa akimcheka: "Wewe ukifa utazikwa na misumari ndani na misumari nje."

Na ilikuwa misumari hiyohiyo iliyomponza siku wageni walipofika.

Walitakiwa waje Jumamosi. Mwenyekiti akabadili ratiba, wakaja Jumatatu mchana, siku tano kabla, bila hata kupiga simu. Walimkuta Misumari sebuleni anagongelea kiti, na jikoni walimkuta mwanamke anaosha vikombe, anaimba kwa sauti ya chini kama mtu aliye kwake.

Mwanamke yule aliitwa Subana, kwa sababu ya kile kikofia cha chuma ambacho washonaji huvaa kidoleni wasichomwe na sindano. Alikivaa miaka mingi mpaka kidole chake cha kati kikabaki na alama ya duara, na Misumari alipenda kuishika alama ile kuliko kitu chochote duniani. Alikuwa na kibanda cha kushona mapazia mtaa wa pili. Mumewe wa zamani aliwahi kuondoka kwenda kutafuta kazi mji mwingine. Kazi akapata, na mke mwingine akapata. Subana hakumlilia sana. Alisema cherehani haisimami kwa machozi. Mwaka wa pili sasa alikuwa na Misumari, kwa siri, na Misumari alikuwa amemwahidi: safari hii wakija, nawaambia.

"Nani huyu?" Mwenyekiti aliuliza mlangoni, hajatua hata begi.

Misumari alikuwa na misumari saba mdomoni. Akawa anaitoa mmoja mmoja, akitafuta maneno. Alipofika wa saba maneno aliyoyapata yalikuwa haya:

"Fundi wa mapazia."

Jikoni, wimbo ukakatika.

"Afadhali!" mama mkwe akasema, akiketi kwa kuugulia. "Mapazia ya mwanangu yamepauka mpaka aibu. Fundi, njoo mama. Tushonee mapya, nyumba nzima, kabla ya Krismasi. Nitakusaidia kupindia."

Subana akatoka jikoni anafuta mikono. Alimtazama Misumari mara moja tu, na jicho lile Misumari alilala nalo kwenye springi siku zote zilizofuata. Kisha akatoa futi kutoka mkobani. Mama mkwe akaenda chumbani kupumzisha uchovu wa safari. Subana akapima sebule, akapima chumba cha watoto, akapima ukumbi, akaandika yote kwenye daftari, akaaga kwa adabu.

Tangu hapo akawa anakuja kila mchana na kitambaa mkononi, kama mgeni, kwenye nyumba ambayo alijua hata kijiko gani kimepinda.

*

Karakana ilikuwa imefurika. Wiki za kabla ya Krismasi kila mtu mjini hugundua kwamba kochi lake limechanika. Tajiri wa karakana alitangaza kuwa hakuna fundi wa kwenda likizo mpaka kochi la mwisho litoke, kisha yeye akaenda likizo. Misumari alikuwa peke yake kwenye kona, kavuta kitambaa cha kijani, Subana aliposimama mbele yake na mkoba wake.

"Limebaki pazia moja," alisema. Hakuketi.

Misumari akachota msumari, akautia mdomoni. Akachota mwingine.

"Haya, jaza. Jaza mpaka puani."

"Mm."

"Jana mama mkwe wako ameniletea gauni la marehemu. Anataka nikate kitambaa nimshonee mto wa kuegemea. Akanisimulia alivyomzaa, mvua inanyesha, mkunga hajafika, yeye na mama yake tu na taa ya chemli. Akalia. Na mimi nikalia. Unajua nililia nini?"

Misumari akatikisa kichwa.

"Nililia kwa sababu nampenda yule mama, na namwibia. Kila akinimiminia chai naona nakunywa chai ya wizi. Mimi! Mtu ambaye sijawahi kubaki na kipande cha kitambaa cha mteja!" Akanyoosha kiganja. "Tema hiyo misumari."

Akaitema kiganjani mwake, mmoja mmoja, ina joto la mdomo. Subana akafunga mkono.

"Nitasema," Misumari akasema.

"Lini?"

"Sikukuu ikipita."

"Mwaka jana ulisema sikukuu ikipita. Ikapita. Zikapita mvua, likapita jua, sikukuu imerudi tena inatukuta palepale."

"Wewe humjui Mwenyekiti."

"Simjui? Mtu amenipangia zamu ya chai! Mimi fundi, si wa ukoo wenu, nimeandikwa namba kumi na tano. Baada yako!"

Misumari akacheka. Haikuwa makusudi, kicheko kilimtoka tu. Na Subana midomo ikamcheza, karibu acheke naye, na ikawa vibaya zaidi, maana wote wawili waliona ni kitu gani kilikuwa kinapotea pale.

"Simwogopi Mwenyekiti," Misumari akasema polepole. "Nimemchoka, lakini simwogopi. Namwogopa mama. Sina mama mwingine mimi. Wangu nilimzika nikiwa sijaota ndevu. Huyu nikimwambia kuna mtu amekaa mahali pa mwanawe, ni kama kumzikisha mtoto mara ya pili. Ataondoka, hatarudi."

"Na mimi je? Nikiondoka nitarudi?"

Mkono wa Misumari ukaenda wenyewe kwenye kopo la misumari, akaurudisha.

"Jumapili naleta pazia la chumbani," Subana alisema. "Nikishalitundika, kazi imekwisha, na fundi kazi ikiisha huondoka. Usihofu, sitakusema. Nitamuaga mama vizuri, nitamtakia sikukuu njema, nitatoka mlangoni. Lakini sitarudi, Misumari. Nimechoka. Sijakukasirikia hata. Ningekuwa na hasira ningekuwa na nguvu."

Akamrudishia misumari yake kwenye kopo, ikalia kwa mpigo mmoja, akaondoka. Misumari alimtazama mpaka alipokata kona. Kitambaa cha kijani alikuwa amekivuta mno upande mmoja, ikabidi afumue aanze upya.

*

Jumapili mchana, baada ya chakula, Mwenyekiti aliitisha kikao sebuleni kupanga nani atakaa wapi siku ya Krismasi. Wajukuu walitawanyika chini. Mke wa Mwenyekiti alijipepea kwa kifuniko cha sufuria akilalamikia harufu ya gundi. Misumari alikuwa ukumbini, mbele ya mlango wa chumba chake, amekipindua kiti cha mama mkwe miguu juu. Mikanda ya chini ilikuwa imelegea, bibi alikuwa anazama akikaa. Hii ilikuwa kazi ya robo saa. Aliifanya kwa saa nzima.

Chumbani, mlango wazi, Subana alikuwa juu ya stuli anavisha pete kwenye fimbo ya pazia. Mama mkwe alikaa kitandani anamkabidhi pete moja moja.

"Umeshona haraka, fundi."

"Kazi ya kwako mama, sikutaka ilale."

"Baada ya hili ndiyo huji tena?"

Nyundo ya Misumari ikasimama.

"Ndiyo mama. Kazi imekwisha."

"Nitakukosa, wallahi. Humu ndani kila mtu ananipangia. Wewe tu ndiye uliyenisikiliza."

Subana aliachia pazia likashuka.

Inabidi niwaeleze dirisha lile. Lilikuwa na kilema. Aliyejenga nyumba ile alikuwa na msimamizi mwenye haraka, wa wale wanaopiga kelele "malizeni, malizeni" huku wamekaa kivulini, na mafundi wakamaliza hivyohivyo; fremu ikakaa mshazari, na fimbo ya pazia ikafuata fremu. Upande wa kulia ulikuwa juu kuliko wa kushoto kwa vidole vinne. Mtu hawezi kuona kwa kutazama mara moja. Lakini pazia likikatwa sawa, likitundikwa pale, upindo wa chini hukaa mshazari kama mtu anayechechemea.

Pazia la Subana lilishuka, likatulia. Upindo ulilala sawasawa na kizingiti cha dirisha, kulia na kushoto, kama maji kwenye karai.

Fundi mbovu asingefanya kosa lile. Fundi mbovu angeleta pazia la kuchechemea, na siri ingebaki siri.

Mama mkwe alitazama upindo. Akainuka, magoti yakalia, akasogea, akaushika. Akaupima kwa vidole, upande huu, upande ule.

"Mwanangu alipohamia humu," alisema, "alishona pazia la dirisha hili mara tatu. Mara tatu linapinda. Alinipigia simu analia. Mwishowe akaliacha." Akageuka. "Fundi. Dirisha hili ulilipima lini?"

Subana alikuwa bado juu ya stuli. Mkono wake ulibaki kwenye fimbo.

"Swali zuri," ikatoka sauti ya Mwenyekiti. Alikuwa amesimama ukumbini na kalamu yake, na nyuma yake sebule nzima imenyoosha shingo. "Swali zuri sana. Siku ile alipopima, mama ulikuwa umelala humu. Mlango niliufunga mimi mwenyewe. Siku nyingine zote amekuwa akikaa ukumbini na wewe. Sasa ameingia lini?"

Angeweza kusema amekisia. Angeweza kusema Misumari alimpa vipimo. Uongo ulikuwepo, tele, wa kuchagua. Subana hakuchukua hata mmoja. Alimtazama Misumari pale sakafuni kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenziwe mpaka mlangoni na mikono imekwisha.

"Shemeji," Mwenyekiti akasema, "mwanamke huyu amewahi kuingia chumbani kwa dada yangu?"

Misumari alikuwa na mdomo umejaa. Alijaribu kusema, kikatoka kitu kama "mng'mm".

"Nini?"

"Hebu mwacheni ateme kwanza!" mama mkwe akafoka. "Asije akameza."

Akatema. Ilikuwa mingi, na mate, na mingine ilimponyoka kiganjani ikatawanyika sakafuni. Akasimama. Alikuwa na gundi kwenye nywele na alama ya springi ubavuni, na kwa mara ya kwanza kwa siku kumi na nne mdomo wake ulikuwa mtupu.

"Ameingia," alisema. "Mwaka jana, mwezi wa nne. Niliugua homa, siku tisa. Nilikupigia simu, shemeji."

"Nilikuwa kwenye mkutano."

"Ndiyo. Ulisema uko kwenye mkutano. Na siku ile mke wangu anakufa, mwenye ufunguo wa stoo ya dawa pale hospitali naye alikuwa kwenye mkutano. Tulisubiri kwenye benchi mpaka mkono wake ukapoa ndani ya mkono wangu. Mimi sikufa, kwa sababu kuna mtu mmoja hakuwa na mkutano." Akaonyesha kwa kidevu. "Alikaa kwenye kiti kile pale. Ananipa uji, anafua shuka, huku anapindia mapazia ya watu. Siku tisa analitazama dirisha hilo."

"Nondo kumi na nne," Subana akasema kutoka juu ya stuli. "Ya nne ina kutu. Kulia iko juu vidole vinne. Kila ulipokuwa unakata pumzi nilikuwa nazihesabu, ili nisikimbie."

Mjukuu mmoja akapiga chafya.

"Mama," Misumari akasema, "huyu si fundi wa mapazia. Yaani, ni fundi. Lakini ni mtu wangu. Nataka kumuoa. Nimekudanganya siku kumi na nne kwa sababu niliona ukijua utaondoka, na mimi sina mama mwingine. Kosa ni langu. Yeye nilimsukumiza."

"Kikao!" Mwenyekiti akapiga kalamu mlangoni. "Hili linahitaji kikao. Nyumba hii ni ya dada yangu, na—"

"Nyamaza," mama mkwe akasema.

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia Mwenyekiti neno lile. Mdomo wake ulibaki wazi, kalamu hewani.

Bibi akarudi kuketi kitandani. Alimtazama Subana muda mrefu.

"Shuka hapo, utaanguka."

Subana akashuka.

"Nilikusimulia nilivyomzaa."

"Ndiyo, mama."

"Ukalia."

"Ndiyo, mama."

"Yale machozi yalikuwa ya kazi, au yalikuwa ya nani?"

"Yalikuwa yangu," Subana alisema. "Sikuwa nimepanga kukupenda. Nilikuja na hasira na mkasi."

Mama mkwe akakunja midomo. Machozi yalikuwa karibu lakini aliyazuia, kwa kiburi.

"Mmeniumiza," alisema. "Sitasema hamkuniumiza. Mnanifanya kikongwe wa kuchezewa ndani ya nyumba, nakabidhi pete kama mjinga. Na wewe, mwanangu, umezidi. Ulidhani mimi nakuja humu kulinda kitanda? Mwanangu hayumo kitandani. Najua aliko, mimi ndiye niliyemwaga udongo wa kwanza. Nakuja kwa sababu Mwenyekiti amepanga! Siku nzima ya safari, na magoti haya, kulala kwenye godoro linalonimeza, nyumba ya kelele, zamu ya kuoga namba tatu! Miaka mitatu nasema, basi, nivumilie, mkwe wangu anafarijika akiniona."

Misumari alimtazama kama mtu aliyepigwa na ubao.

"Mama. Mimi nimelala kwenye springi miaka mitatu nikisema nivumilie, mama anafarijika kuwepo hapa."

Wakatazamana. Kicheko kilianzia kwa bibi, kidogo, kwenye mabega, kisha kikageuka kilio, na Subana alikuwa ameshapiga magoti mbele yake kabla hata hajajua kama anaruhusiwa. Bibi hakumsukuma. Alimwekea mkono kichwani, mzito, kama anamlaumu bado.

"Anakula?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nani, mama?"

"Huyu. Tusipokuwepo. Mimi huja kutazama hilo tu, kama anakula."

"Anakula. Namsimamia."

"Haya." Akafuta macho kwa upindo wa khanga. Kisha akamgeukia Misumari, ukali umerudi. "Mdomoni ulikuwa na misumari mingapi?"

"Kumi na mbili."

"Ihesabu."

Akahesabu kiganjani. Saba. Wajukuu wakaokota mingine chini ya kiti. Kumi na mmoja.

"Umemeza!" bibi akapiga kelele. "Mungu wangu, mtu kameza msumari kwa ajili ya mapenzi, na umri huu!"

"Sijameza, mama."

"Fungua mdomo! Fundi, mtazame kooni!"

Subana alikuwa amemshika taya kweli, mbele ya ukoo mzima, uso wake karibu na wake kama ambavyo hawakuwahi kuwa karibu mchana, pale Mwenyekiti alipoamua kuwa ameaibishwa vya kutosha. Aligeuka kwa hasira ili aondoke, miguu mitupu kama ilivyokuwa. Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri. Hatua ya pili kukasikika, "Aaaa! Mama yangu!"

Msumari wa kumi na mbili ulikuwa umepatikana.

Mkewe alimketisha, akautoa kwa kucha. Mwenyekiti, mguu juu ya meza, akatangaza kwamba kwa hali hii yeye na familia yake wataondoka kesho asubuhi, Krismasi watakula kwao. Alingoja mtu ampinge. Misumari alitazama dari. Mama mkwe alitazama pazia. Likapita bila kupingwa.

"Mimi nabaki," bibi alisema. "Lakini vitu vyangu vihamishiwe chumba cha watoto. Kitanda kile kiko chini, nitashuka bila kuugulia. Hiki ni cha mwenye nyumba. Na ile karatasi ya bafuni iondolewe, mtu huyu akaoge, ananuka gundi." Akamgeukia Subana. Sauti yake haikuwa laini kabisa. Ilikuwa ya mtu ambaye bado inamuuma na ameamua kuendelea. "Na wewe. Krismasi uje. Upite mlango wa mbele. Usije na kitambaa, usije na sindano. Uje kukaa."

"Nitakuja, mama."

"Chai yako sasa hivi ni namba ngapi?"

"Kumi na tano."

"Nenda kamimine. Uanze wewe."

*

Barazani kulikuwa na kochi la kijani, lililoletwa jana kutoka karakana, limekamilika, linangoja mwenyewe aje alichukue. Misumari alitoka kuoga, maji baridi, akakuta Subana amekaa pale na vikombe viwili. Jua la alasiri lilikuwa bado kali. Ndani kulisikika mabegi yakifungwa kwa kishindo, ya mtu anayetaka asikike.

Akaketi kando yake. Sponji mpya ikampokea. Hakukuwa na springi hata moja ya kumchoma.

"Mdomo wako unauma?" Subana aliuliza.

"Kidogo."

"Sema tena lile ulilolisema mule ndani."

"Lipi?"

"Unalijua."

"Nimechoka, mwenzangu. Nikilisema sasa litatoka vibaya."

"Mimi pia nimechoka. Litoe hivyohivyo."

Akaushika mkono wake, akakitafuta kidole cha kati, akaweka dole gumba lake kwenye ile alama ya duara. Mchana kweupe. Jirani alikuwa anaanika nguo anawatazama, na awatazame.

"Nataka kukuoa," alisema.

"Lini? Usiniambie sikukuu ikipita."

Hakujibu. Subana akageuka kwa hasira ya haraka, tayari kuuliza kama ametia msumari tena, akakuta kichwa kimelegea begani mwake, mdomo uko wazi kidogo, mtupu, pumzi ndefu. Alikuwa amelala katikati ya swali.

Chai yake ilipoa. Subana hakulisogeza bega. Wajukuu walitoka mbio na mpira, wakapita kwa kelele, na ndipo mama mkwe akatokeza mlangoni ameshikilia fremu kwa mikono miwili.

"Nyinyi! Chezeni huko mbali," aliwaambia, sauti chini. "Mkwe wangu amelala. Na mwenzake msimguse, amemshikilia."

Akasimama kidogo akiwatazama wote wawili. Kisha akaingia ndani kwa mwendo wake wa magoti, akaenda chumba cha mwenye nyumba, na Subana pale barazani akasikia pete za pazia jipya zikivutwa kwenye fimbo, polepole, kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule.